Kinu cha Saa Nane

Saa nane usiku kinu kinaanza.
Si jirani, si mabomba ya maji moto ukutani.
Ni wewe, Bogumił, uliyelala chali ubavuni mwangu,
unasaga.
Unasaga nini? Hatukuvuna kitu.
Theluji ya Katowice imefunika hata vyungu vya kibarazani.

Ilianza mwezi ule walipobandika tangazo langoni mwa mgodi:
lifti uliyoiendesha miaka ishirini na sita
itashusha watu mpaka Machi, basi.
Ulirudi, ukavua buti, ukasema, "Haidhuru."
Neno hilo moja. Mengine uliyameza,
nami nikadhani kilichomezwa hushuka tumboni.

Kumbe yalinasa njiani.

Kwanza sikio. La kulia, ulisema,
linauma na linavuma kama chupa inayopulizwa.
Daktari wa masikio akachungulia kwa taa yake:
safi, akasema, safi kama la mtoto.
Kisha kichwa, hapa penye panja,
kila asubuhi kabla ya chai,
vidonge ukavizoea kama sukari.
Kisha shemeji Zenon, asiyejua kunyamaza,
akasema ni jino hilo, ling'oe.
Likang'olewa. Jino lisilo na kosa
limo hadi leo katika kikopo changu cha vifungo,
na maumivu yamekaa palepale
kama mpangaji aliyeona jirani akifukuzwa badala yake.

Nikawa nakutazama ukila.
Mkate mweusi ulioupendea ganda
sasa unaudonoa katikati, ganda unaliacha ukingoni mwa sahani.
Ukipiga mwayo, tak!
kitu kinaruka karibu na sikio,
kidevu kinapinda kulia kabla hakijarudi,
mlango wa kabati uliolegea bawaba.
Na siku ya ubatizo wa mjukuu
kinywa kilifunguka nusu, kikagoma:
kijiko hewani, wageni wanacheka,
wewe machozi.

Mwanamke wa kliniki, Daktari Wieczorek, hakushika chombo.
Aliweka vidole mbele ya masikio yako.
"Fungua. Funga. Polepole."
Akafumba macho, akasikiliza kwa ncha za vidole
kama wewe unavyosikiliza kamba za lifti.
"Sasa vidole vyako vitatu, visimamishe kati ya meno."
Vilipita viwili kasorobo.
Kuna kisahani, alisema, kidogo na laini,
kati ya mfupa na mfupa;
kikiteleza, taya hulia,
kikikataa kurudi, taya hufunga duka.
Na misuli hii (akabonyeza shavu, ukaruka kitini)
haijaambiwa kwamba zamu imekwisha.

Meno, akasema, hayana kazi ya kugusana mchana kutwa.
Midomo ifungwe, meno yaachane.
Tukatazamana.
Miaka hamsini na mbili, na hakuna aliyewahi kutuambia.

Sasa kuna kibao cha plastiki cha kuvaa usiku,
kitambaa cha moto jioni,
na viazi nilivyoponda nikavifinyanga mviringo,
katikati ya kila kimoja kidimbwi cha mchuzi.
Sauti imepungua. Haijakoma.
Jana, kitambaa shavuni, ulianza kusema:
jina la lifti (sikujua kuwa mliipa jina),
na Ryszard anavyoogopa juani,
na nani atazima taa ya chini kabisa siku ya mwisho.
Ulisema mpaka kitambaa kikapoa.

Usiku huo kinu kilinyamaza.
Niliamka saa nane ileile, nimeamshwa na kimya.
Nikahesabu kodi. Nikahesabu gesi,
nikahesabu Aprili,
ndipo nikasikia, karibu mno, kitu kinasaga.

Kikulacho.

Nikaweka vidole mbele ya masikio yangu gizani.
Fungua. Funga.
Polepole.